Bariera ya Mvua ya Kahinga

Ukitoka Bukavu kwa gari kuelekea Mumosho, kuna mahali barabara inakata kushoto ghafla, bila mto wala jabali la kuizuia. Madereva wa leo hawajiulizi. Zamani haikukata. Ilikwenda moja kwa moja, ikapanda kilima, ikapita katikati ya Kahinga na maduka yake kumi na mawili, ikateremka upande wa pili. Kile kipande kingali kule juu, kilomita saba, na hakuna gurudumu lililokanyaga pale tangu mwaka 1988. Watu wanaanika mihogo juu yake. Mahali pengine wameipanda kabisa.

Nimesimama mbele ya watu mara nyingi, kwenye viwanja vya mpira, nyuma ya makanisa, hata juu ya meza za soko, nikasema nani aliua barabara za nchi hii. Tarehe zote ninazo kichwani. Najua mwaka ambao katapila ya wilaya yetu iliondoka kwenda kusawazisha shamba la mkubwa mmoja na haikurudi. Najua daraja gani liliuzwa kama vyuma chakavu, na nani alisaini. Habari ya Kahinga nimeisema mara moja tu, na hiyo mara moja nilikuwa nimechelewa.

Baba yangu, Stanislas, alikuwa kantonye. Kwa wale ambao hawakuiona kazi hiyo: Leta, yaani serikali, ilimpa mtu kilomita mbili za barabara, jembe na toroli, na kilomita zile zikawa zake kama shamba lilivyo la mtu. Alizibua mifereji ya kando, alijaza mashimo, alikata majani. Baba alijua kila jiwe la mfereji wake. Ukitupa ganda la ndizi ndani, alikufuata mpaka kwako, akakuita mbele ya mkeo.

Rafiki yake alikuwa Zagabe, mlinzi wa bariera ya mvua. Barabara ya udongo ikilowa haivumilii gari kubwa. Kwa hiyo mvua ikianza, Zagabe alishusha mti wa mkaratusi katikati ya njia, na makamyo yote yalisimama mpaka masaa manne yapite tangu tone la mwisho. Kahinga yote ilizaliwa na kungoja huko. Madereva walikula maharagwe ya akina mama, walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, walilala. Mwenye cherehani alishona, kinyozi alinyoa. Mimi wakati ule sikuyaona hayo. Niliona mti uliolazwa mbele ya watu.

Mwezi wa nne 1988 mvua ilinyesha siku tatu bila kukata. Mama zetu walikuwa wamepakia kabichi kwenye makamyo, na kabichi zikaanza kunuka. Siku ya tatu ikaja jeep ya mkubwa wa zone, mtawala wa wilaya yetu. Zagabe akainua mti, jeep ikapita, mti ukashuka. Sheria iliruhusu, jeep ni gari dogo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimesoma peke yangu sanduku zima la magazeti yaliyotupwa na mapadri, na nikapanda juu ya jiwe. Nikasema bariera hii ni fimbo ya mkoloni iliyolazwa chini. Nikasema kama inafunguka kwa tumbo moja, ifunguke kwa matumbo yote. Watu walipiga makofi, na mimi makofi yalikuwa yakinilewesha kuliko kasiksi. Nikashuka, nikamsukuma Zagabe kando kwa mkono wangu huu, nikainua mti.

Makamyo kumi na moja yalipita. La nane lilikuwa na mbao, likazama mpaka tumboni. Yaliyofuata yakalizunguka, yakavunja ukingo wa mfereji. Maji yakauacha mfereji, yakafuata njia ya magurudumu. Siku mbili baadaye dalo ya chini ya Kahinga, ile mifereji ya saruji inayopitisha kijito chini ya barabara, iling'oka yote, na nusu ya kilima ikateremka nayo. Leta ilisema itatengeneza. Badala yake ikachonga njia nyingine kule bondeni, hiyo inayokata kushoto.

Siku hizo baba alikuwa Bukavu, hospitalini, kwa ajili ya mguu. Aliporudi alikuta barabara imekatika, na wapelelezi wa Chama, kile kimoja kilichotawala, wamekwisha kuja kuuliza nani alifungua. Zagabe alikuwa amewajibu kwamba ni yeye, alilala usingizi akasahau kushusha mti. Alifungwa miezi miwili, akafukuzwa kazi. Baba akajumlisha kwa akili yake: madereva walimpa rafiki yake kreti ya bia. Hakumsalimu tena. Kanisani, kama Marcelline, mke wa Zagabe, akija kukaa kwenye benchi la baba, baba alisimama akahama.

Miaka kumi na moja hivyo. Mwanzo nilinyamaza kwa woga, na sioni haya kuusema ule woga, kila mtu alikuwa nao. Halafu ikaja 1990, tukaruhusiwa kufungua midomo, na mimi nikasema mambo yote isipokuwa hilo. Nilikuwa nimehamia Nyalukemba, mtaa wa Bukavu. Nilikuwa nikidai mchana kweupe kwamba wezi wa nchi wasimame waungame. Kila mwaka uliopita uliifanya habari ya bariera iwe ngumu zaidi kutoka.

Vita ya kwanza, ya 1996, ilipofika nilimchukua baba akae kwangu. Ya pili, ya 1998, ilimkuta pale. Mwanzoni mwa 1999 tumbo lake likavimba, macho yakageuka manjano, na daktari akanivuta kando kuniambia nimpeleke nyumbani. Baba alisikia.

"Nipeleke Kahinga," akasema. "Nifie mu nyumba yangu."

Njia ya bondeni ilikuwa mikononi mwa basoda, askari wa uasi, na wale walikuwa wakimpora hata mgonjwa shuka lake. Ilibaki ya juu.

"Tutapita njia ya zamani, papa."

"Njia yangu."

"Ndiyo."

Akaugeukia ukuta. "Ile inapita kwa ule mwizi."

"Inapita mbele ya mlango wake."

"Basi mutanifunika uso. Asinione namna hii. Na asiniguse."

Nikapiga hesabu. Kutoka pale barabara inapokatia mpaka kwa Zagabe ni kilomita tano. Ndani ya hizo tano lazima niseme. Baba akishajua, wale wazee wawili watapata siku mbili, labda tatu, za kukaa na kuongea. Kitu kingine cha kumpa sikuwa nacho.

Tulikuwa wabebaji wanne: mimi, binamu yangu Philémon, na ndugu wawili wa Kahinga, Benoît na Apollinaire, waliokuwa waashi huko Nguba, mtaa mwingine wa Bukavu. Taksi ilitufikisha njia panda asubuhi. Tukamlaza baba kwenye kipoyi, machela ya mianzi miwili na turubai, tukaingia majanini.

"Tonton, uko muzito," Philémon akamtania baba. "Ni tumbo, ama ulishaka kumeza mawe ya Leta?"

"Weye beba. Kama ungekuwa unabeba na mudomo, tungekuwa tulishafika."

Baba alicheka mwenyewe, halafu akakohoa kwa muda mrefu. Turubai ilikuwa imemzingira, haoni kitu isipokuwa mawingu, lakini aliijua barabara kwa mgongo. Njia ilipoinama kidogo alisema, "Hapa ni kona ya padri, padri mumoja aliangukaka hapa na pikipiki." Ilipokaza kupanda alisema, "Sasa angalieni kushoto, kuko mufereji ya mawe. Niliipanga miye, mu soixante-trois, kabla banipe kilomita zangu. Iko?"

Nilitazama kushoto. Mahali pa mfereji wake wa 1963 kulikuwa na matete marefu kuliko mtu.

"Iko, papa."

"Mawe inakamata?"

"Inakamata."

Benoît, aliyekuwa mbele yangu, aligeuza kichwa akaniangalia, akakirudisha. Katikati ya barabara ilikuwa imeota mikaratusi minene kama paja. Jiwe la kilomita lilikuwa limetumiwa na mtu kuwa kiti cha mlangoni. Tulipita ukuta wa duka ambao rangi yake bado ilisomeka nusu, jina la mwenyewe limeliwa na mvua, limebaki neno "Chez", yaani kwa fulani. Mbuzi wawili walitoka ndani, wakatuacha tupite, wakarudi. Na barabara ile nayo ilikuwa pana. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimeisahau ilivyokuwa pana.

Tulipumzika kwenye pompe ya zamani ya mafuta, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mpira wake ulikuwa umekwisha kukatwa kuwa ndara za watu. Philémon na wenzake walikwenda kuomba miwa kwenye shamba la jirani. Tukabaki wawili.

"Papa, nataka nikueleze habari ya bariera."

"Sema."

Nilipaswa kuanza na nafsi yangu. Nikaanza na Wabelgiji. Nikaeleza jinsi barabara ile ilivyochimbwa kwa fimbo, babu zetu wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, halafu jinsi Leta ya Chama ilivyorithi fimbo ikaiacha barabara. Nikaeleza jeep. Nikaeleza kabichi. Nilieleza vizuri, najua kueleza, na nilisikia sauti yangu ikipanda pale inapopandaga.

"Placide," baba akasema. "Unahutubia nani?"

"Nakueleza, papa."

"Hapa kuko miye na hii pompe. Sema kile unatafuta kusema."

"Nataka kusema Zagabe hakuchukua bia ya mtu. Watu walifungua bariera kwa nguvu."

"Batu gani?"

"Wananchi."

"Wananchi haina mikono. Muti inainuliwa na mikono mbili. Ilikuwa ya nani?"

Alikuwa amegeuza kichwa juu ya turubai, ananitazama kwa yale macho ya manjano. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama alivyouliza zamani nani amefunga ng'ombe kwenye mfereji. Nilikuwa na mapafu, nilikuwa na ulimi, na barabarani hapakuwa na mpelelezi hata mmoja.

"Walikuwa wengi," nikasema.

Akafumba macho. "Zagabe ndiye alikutuma. Ata leo anatafuta mutu wa kumulilia."

Wale watatu wakarudi wakitafuna miwa. Tukanyanyua kipoyi. Nikajiambia bado kilomita mbili.

Zikaisha. Mahali palipokuwa na dalo palikuwa na shimo ambalo lingemeza kanisa, kijito kikipita chini yake. Mtu alikuwa amechonga ngazi kwenye udongo kushuka na kupanda, akazikaza kwa vigingi ili akina mama wapite na mizigo. Ngazi zilikuwa mpya, nyingine bado zilionyesha alama ya jembe. Juu upande wa pili alisimama mzee mwenye mabuti ya mpira na kamba begani. Nikamfunika baba uso kwa kitenge.

"Yambo, papa Zagabe," Philémon akapaaza sauti. "Tuko na mugonjwa."

"Ninaona. Mungoje, hamujui namna ya kukanyaga hapa."

Akashuka upande wake, akapanda wetu. Hakuuliza jina. Alitazama kile kitenge, halafu mguu wa kulia uliotokeza, wenye kovu lililompeleka baba hospitalini mwaka ule. Akalitazama kovu muda mrefu. Halafu akamwondoa Philémon mbele, akaweka mwanzi juu ya bega lake mwenyewe.

Baba alikuwa amesema asimguse. Nikaukaza mwanzi wangu begani. Tukashuka. Katikati ya ngazi kitenge kikateleza, na baba akaona kisogo kilichokuwa mbele yake, mvi na kofia ya sufu.

"Nani iko mbele?"

Tulishuka ngazi mbili zaidi, na baba akajijibu mwenyewe.

"Zagabe."

"Ndiyo, muzee."

"Mwizi."

"Ndiyo," Zagabe akasema. "Vuta ile mukono ndani, kuko jiwe."

Baba akavuta mkono ndani. Tukafika juu.

Nyumba ya Zagabe iko hatua kumi kutoka hapo. Tukakitua kipoyi chini ya paa lake kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Midomo ya baba ilikuwa imekauka, imepasuka. Alisema anataka maji. Marcelline akatoka na kikombe, akapiga magoti kando yake.

"Maji ya nani?" baba akauliza.

"Ni ya kwangu, papa Stanislas. Ya chemchemi."

Akaukaza mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Marcelline alingoja. Alikishikilia kikombe hewani, na hakukishusha. Zagabe alisimama mvuani, amewapa mgongo. Mimi, Zagabe na Marcelline tulijua kilichokuwa kikizuia maji yale, na mmoja wetu tu ndiye angeweza kukiondoa.

Nikachukua kikombe kutoka kwa Marcelline. Nikamimina maji ndani ya kibuyu chetu cha plastiki, kilichokuwa tupu tangu kwenye pompe.

"Kunywa, papa. Hii ni ya kwetu, tulitoka nayo Bukavu."

Alikunywa yote. Akasema, "Maji ya Bukavu iko baridi hivi?" na tone lilimshuka kidevuni. Marcelline akaniangalia. Akaokota kikombe chake, akaingia ndani.

Manyunyu yalipokata tuliondoka, Zagabe bado akiwa mbele, kwa sababu Philémon alikuwa ameteguka mguu kwenye ngazi. Tulikuwa tumeingia kwenye kilomita za baba. Nilimwambia hivyo, tumeingia kwako, papa, na nikaanza kumweleza tunayoyapita, nikidanganya tena, mfereji uko, mawe yako. Hakusahihisha. Nilidhani amelala.

"Placide," Apollinaire akasema kando yangu. "Muzee amekuwa muzito."

Tukamweka chini pale pale, kwenye njia. Alikuwa amekufa, mdomo wazi kidogo, na hapakuwa bado na nzi, ndiyo kusema hakuwa amekwenda mbali.

Kaburi tulilichimba siku iliyofuata nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Zagabe alikuja na jembe lake bila kuitwa. Wakati wengine walipokwenda kunywa chai nilimkuta ndani ya shimo, limefika kiunoni kwake.

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Kumwambia nini?"

"Unajua."

Akatema udongo. "Wale ba Chama walikuwa wanatafuta mutu wa kufanya mufano. Miye muzee walinifunga miezi mbili. Weye na ile mudomo yako hawangekurudisha."

"Na kiisha? Chama kilikufa toka siku nyingi."

"Kiisha nilikungoja." Akachimba mara mbili, tatu. "Batu walikuwa wanatoka Bukavu wananiambia, Placide iko anasema kweli kila siku mbele ya batu mingi. Nilisema, bon, atafika kwa yangu. Kila Pasaka nilikuwa ninasema, hii ndiyo mwaka."

Sikumwomba msamaha. Nilitaka kufanya hivyo, na nikajiona ninapanga maneno, la kwanza hili, la pili lile, nikajichukia, nikaanza kusukuma udongo kando.

Padri hakuweza kufika kwa sababu ya vita. Katekista aliongoza sala, na alipomaliza akasema mtoto wa marehemu ana neno. Mimi ndiye ninayepewagwa neno. Kahinga yote iliyobaki ilikuwa pale, watu arobaini hivi, kwenye ile migomba. Nikasema kwamba mwezi wa nne 1988 bariera ilifunguliwa na mimi. Nikasema Zagabe hakulala usingizi, hakuchukua bia, alinikinga. Nikasema baba amekufa anamwita mwizi kwa sababu yangu. Ilichukua muda mfupi kuliko Salamu Maria. Ningeweza kuisema pale kwenye pompe kabla wale hawajarudi na miwa yao.

Hakuna aliyeshtuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, hata kwa jiwe. Walitazama chini, na mzee mmoja akajikuna shingo, kama watu wanaosikia tangazo la wiki iliyopita.

Marcelline ndiye aliyesema, naye hakupandisha sauti.

"Unatuambia siye? Siye tulikuwa pale, Placide. Tulikupigia makofi. Hapa Kahinga kila mutu alikuwa anajua, ata watoto. Mutu moja tu ndiye hakukuwa anajua, na yeye ndiye ule tulishaka kuteremusha mu shimo."

Katekista alikohoa, akageuza kurasa za kitabu chake cha nyimbo, akapata ukurasa, na wakaanza kuimba.